Siku ya Kwanza ya Mgonjwa wa Presha na Sukari

Wadogo zangu mnaoingia kazini, matabibu na madaktari tarajali, dozi mtazikuta kwenye mwongozo wa tiba. Ninachotaka kuwaambia nilichelewa kukijua mwenyewe: mtu mzima mwenye presha au sukari unampata au unampoteza siku ile ya kwanza anapoketi mbele yako. Wa malaria isiyo kali ukimpa dawa mseto, vidonge 24 kwa siku tatu, mmemalizana. Huyu mwingine mtazeeka naye, na siku anapoambiwa ana ugonjwa mara nyingi hasikii maumivu yoyote.

Tuanze na kipimo chenyewe. Asubuhi moja aliingia mama wa makamo, mnene, karatasi yake imeandikwa 172/100. Alikuwa ameshuka kwenye bodaboda muda si mrefu, amebanwa mkojo, na kitambaa cha mashine alifungwa juu ya mkono wa gauni huku akijibu maswali ya mapokezi. Nilikuwa nimeshashika kalamu. Nikaiweka chini, nikamwamkia, nikamwelekeza chooni. Aliporudi nikamketisha aegemee kiti, miguu yote sakafuni bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kimya dakika tano. Nikatafuta kitambaa kipana zaidi, kwa sababu kitambaa kidogo kwenye mkono mnene hupandisha namba bure. Nikampima mara mbili. 136/84, kisha 134/82. Mama yule angetoka na dawa ya maisha kwa ajili ya mkojo na kitambaa kibaya.

Kwa hiyo msimwandikie mtu presha kwa kipimo kimoja. Tunataka 140/90 au zaidi, na iwe hivyo siku nyingine pia. Akija na 180/110 au zaidi, muulize na umkague papo hapo: kifua kinabana, anahema kwa shida, haoni vizuri, upande mmoja umelegea, amechanganyikiwa? Kama lipo mojawapo, huyo ni wa wodini au wa rufaa leo leo. Kama hakuna, mpumzishe, mpime tena, mwanzishie vidonge vya kumeza na umwone baada ya siku chache. Mtaona watu wakitoboa kidonge cha nifedipini, dawa ya presha, na kumdondoshea mgonjwa chini ya ulimi ili namba ishuke mbele ya ndugu. Tafadhali msiige. Presha ikiporomoka ghafla, damu haifiki vizuri kwenye ubongo, na mtu aliyeingia kwa miguu yake anaweza kupata kiharusi mkononi mwako.

Kisha yanakuja maneno, na hapa ndipo wengi tunapowapoteza. Wagonjwa wetu wanaamini presha ikipanda kisogo kitagonga na moyo utakwenda mbio, watajua tu. Kisogo kikitulia wanaacha dawa. Usipolisema hili siku ya kwanza, umempa dawa ya mwezi mmoja. Mimi husema hivi: "Mama, presha hii haina kelele. Utajisikia mzima nayo inakula figo na moyo. Dawa unameza ukiwa mzima, ili ubaki mzima." Akirudi, usimuulize kama anameza dawa, atakujibu ndiyo kwa adabu. Muulize wiki iliyopita dawa ilimpita siku ngapi. Swali hilo linampa nafasi ya kusema kweli.

Waambieni pia waje na kila wanachomeza, cha hospitali, cha duka la dawa na cha mitishamba. Mzee mmoja presha yake ilitushinda miezi mitatu, tukamwongezea dawa ya pili. Siku aliyokuja na kifuko chake akakimwaga mezani: pakiti ya amlodipini, dawa yake ya presha, ilikuwa imepungua vidonge vitatu tu, na karatasi ya diklofenaki, dawa ya maumivu, ilikuwa tupu, ya magoti, anaimeza asubuhi na jioni. Diklofenaki hupandisha presha na huumiza figo. Tatizo lilikuwa mle kifukoni muda wote, na sisi tulikuwa tunaongeza dawa.

Madhara yatajeni mapema. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu. Enalaprili na kaptoprili, nazo za presha, huleta kikohozi kikavu. Nimemwona mama aliyepewa antibiotiki mara tatu na kupimwa makohozi ya kifua kikuu mara mbili kabla mtu hajasoma ameandikiwa nini. Kubadilisha dawa kulitosha. Enalaprili na kaptoprili hazimfai mjamzito, hivyo mwanamke aliye katika umri wa kuzaa aulizwe kwanza.

Sukari nimejifunza kwa kosa langu. Bibi mmoja nilimwanzishia glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, nikamwambia kutwa mara moja, nikaita anayefuata. Miezi minne baadaye aliletwa usiku na wajukuu, amelegea, jasho linamtiririka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Kipimo cha haraka cha malaria kikasoma kuwa ipo. Nikaandika malaria kali, sindano ya atesuneti, nikaenda kitanda kingine. Sista wa zamu, mtu mzima aliyenizidi miaka mingi kazini, akamchoma kidole bila kuniuliza: sukari 1.9 mmol/L, imeshuka mno. Tukamsukumia mililita 50 za glukosi ya asilimia 50 kwenye mshipa, taratibu, na dakika chache tu baadaye bibi alifumbua macho akauliza kandambili zake ziko wapi. Kabla ya alfajiri ikashuka tena, maana glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, na figo za wazee haziitoi upesi. Alikaa na dripu ya glukosi hadi kesho yake. Wajukuu wakasema malaria alitibiwa wiki mbili nyuma. Kipimo kile cha malaria kinaweza kuendelea kusoma kuwa ipo kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Na tangu asubuhi hakuwa amekula, ila kidonge alimeza, kwa sababu daktari alisema kutwa mara moja. Daktari huyo ni mimi.

Mtu mzima yeyote aliyechanganyikiwa, mchome kidole kwanza. Na unayemwanzishia dawa inayoshusha sukari, mwambie siku hiyo hiyo, mbele ya anayempikia: usipokula, usimeze, ukianza kutetemeka na kutoka jasho, kunywa maji ya sukari halafu uje. Wazee wenye figo dhaifu siku hizi siwapi glibenklamidi kabisa. Huku pwani kuna jambo la Ramadhani pia: waulizeni kabla mwezi haujaandama, kwa sababu watafunga hata usiporuhusu, na ni heri mpange pamoja nani afunge, nani asifunge, na nani ahamishiwe dawa wakati wa futari.

Namba za kutambua sukari ni 7.0 mmol/L au zaidi asubuhi kabla ya kula chochote, au 11.1 au zaidi wakati wowote kwa mtu mwenye kiu, mkojo wa mara kwa mara na anayepungua mwili. Asiye na dalili apimwe tena siku nyingine. Mvueni viatu mtazame miguu, maana sukari huleta ganzi. Mwenye ganzi anaweza kukanyaga msumari Jumatatu akauona Ijumaa. Na akikohoa, mfikirieni kifua kikuu mapema, maana sukari humfungulia mlango.

 

Kabla mgonjwa hajainuka siku hiyo ya kwanza, mwombe akueleze kwa maneno yake atakavyomeza dawa. Muulize atainunua wapi na mfuko wake unafika vidonge vingapi, kisha uandike dawa anayoiweza. Halafu mpangieni tarehe pamoja. Nina mvuvi wa dagaa ambaye kila tarehe niliyomwandikia ilimkuta baharini, nikamhesabu mkaidi. Siku nilipomuuliza, akanieleza kwamba wao huvua kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu hulala nyumbani. Sasa tunaandika tarehe yake kwa kuangalia mwezi. Mwaka huu amekosa mara moja, wiki aliyokuwa anamwoza binti yake.