Jenereta inalisha nani? Kwa fundi anayeanza kazi kwenye nyumba ya wazee

Kabla sijashika spana nilikuwa msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee hapa Marekani, kama walivyoanza wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki. Kwa hiyo, wadogo zangu mnaoingia kwenye ufundi wa majengo haya, nikiitazama jenereta nawaona walioko mwisho wa waya: babu aliyelala kwenye godoro la upepo, mama asiyeweza kulala bila mashine ya oksijeni.

Mwezi wangu wa tatu nikiwa fundi, umeme ulikatika saa nane usiku, katikati ya Januari. Stata, yaani mota inayotumia betri kuiwasha injini ya jenereta, iliguna mara moja, ikanyamaza. Kitabu cha ukaguzi kilikuwa kimejaa saini, na volti za betri zimeandikwa kila wiki, zote nzuri. Kumbe zilisomwa chaja ikiwa imewashwa, na betri iliyochoka nayo huonyesha volti nzuri ikiwa kwenye chaja. Tulipandisha mitungi ya oksijeni hadi ghorofa ya pili kwa mwanga wa tochi, na nusu saa ile sijaisahau. Tangu hapo naisoma betri wakati stata inavuta, na naibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu hata ikionekana nzima.

Jambo linalowaponyoka wengi ni mzigo, yaani umeme ambao jenereta inautoa kulisha jengo. NFPA 110, kanuni ya Marekani ya mitambo ya umeme wa dharura ambayo nyumba hizi huifuata, inataka jenereta ikaguliwe kila wiki, na kila mwezi iendeshwe dakika 30 ikiwa imebeba angalau asilimia 30 ya uwezo wake. Ya kilowati 150 ibebe 45. Injini ya dizeli ikizunguka bila mzigo haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, masizi hujikusanya, na mtaona uchafu mweusi wa majimaji ukichuruzika kwenye maungio ya ekzosi. Kama mzigo wa jengo hautoshi, kila mwaka aitwe mkandarasi mwenye mashine ya mzigo wa bandia: nusu ya uwezo kwa dakika 30, kisha asilimia 75 kwa saa nzima. Meneja atasema ni gharama. Msikubali.

Jaribio la mwezi lianzieni kwenye swichi ya kuhamisha umeme, ile inayolitoa jengo kwenye umeme wa kawaida na kuliweka kwenye jenereta, si kwenye kitufe cha jenereta, maana usiku wa tatizo hakuna atakayebonyeza kitufe. Hesabuni sekunde: nyaya za umeme wa dharura zinapaswa kuwa na umeme ndani ya sekunde 10. Waambieni wauguzi mapema, na hakikisheni hakuna mtu kwenye lifti. Mkimaliza, swichi ya paneli irudi kwenye otomatiki kabla hamjatia saini. Dizeli nayo ipimwe kila mwaka, kwa sababu maji hutuama chini ya tenki, vijidudu huota humo, na filta huziba wakati injini imebeba watu.

Septemba 2017, Kimbunga Irma kilipoipiga Florida, kuna nyumba ya wazee mjini Hollywood ambayo taa zake ziliendelea kuwaka. Kilichokosa umeme ni mtambo wa kupooza hewa. Joto likapanda siku baada ya siku, na wakazi 12 wakafa, ilhali hospitali yenye umeme ilikuwa jirani kabisa. Mwaka uliofuata jimbo lilipitisha sheria: kila nyumba ya wazee iwe na umeme wa akiba wa kuzuia joto lisizidi nyuzijoto 27 za Selsiasi kwa saa 96. Huwa naikumbuka nyumba ile kila ninaposikia fundi akisema, "Jenereta ipo, inawaka."

Kwa hiyo siku yenu ya kwanza ulizeni jenereta inalisha nini. Chukueni mchoro wa umeme, kisha mpite chumba kwa chumba mkiangalia soketi nyekundu, zile za umeme wa dharura, na kilichochomekwa humo. Mimi nilipita asubuhi baada ya usiku ule wa Januari. Mashine ya oksijeni ya yule mama ilikuwa kwenye soketi ya kawaida. Nyekundu ilikuwa nyuma ya kabati lake la nguo. Hata jenereta ingewaka, yeye asingepata umeme. Nililisogeza kabati saa ileile.