Umezaliwa, lakini umeonekana?

Kazi yangu ni kuvuta waya wa intaneti kwenye maploti ya Umoja, Kayole na Donholm, hapa Nairobi. Ukishinda ukipanda ngazi za watu na drili mkononi, utasikia mengi. Utaambiwa mnara wa simu unaua nyuki, chanjo ina kitu ndani, mwisho wa dunia umeshahesabiwa. Zamani kila neno nililidaka kabla halijafika sakafuni. Nilikuwa na ugonjwa wa kusahihisha watu, na mke wangu aliwahi kunihesabia wateja watatu ambao baada ya kunifungulia mlango mara moja hawakunipigia tena. Waya ulikuwa sawa. Tatizo lilikuwa mdomo.

Sijaacha kubishana, naupenda ubishi mno. Nilichobadilisha ni pa kuanzia, na aliyenifundisha hakuwa profesa.

Nimezaliwa Majengo, Pumwani. Mwaka mmoja Ramadhani ilikuwa inaingia wakati wa masika na mbingu ya Nairobi imefunga kama kifuniko cha sufuria. Tumekaa barazani na kahawa tungu, wazee wanasubiri habari za mwezi. Mimi nina simu mpya na programu ya nyota. Nikasimama kabisa, kama mwanasiasa: mwezi umezaliwa leo saa saba na nusu mchana, kwa hivyo kesho ni kufunga, hakuna haja ya kuchungulia juu ya mabati.

Mjomba akaniangalia. "Umezaliwa, alhamdulillahi. Umeonekana?"

Baraza zima likacheka. Nikazidi kupandisha sauti: binadamu walikanyaga mwezi 1969, na nyinyi bado mnautafuta kwa macho! Mjomba akanisogezea kikombe. "Kunywa, inapoa."

Nilirudi nyumbani nimevimba, nikakaa kusoma ili kesho yake nimnyamazishe. Nilichosoma kikaninyamazisha mimi. Mwezi ukishazaliwa, yaani ukishapita kati yetu na jua, hujitenga nalo kwa kama nusu digrii kila saa. Jua lilipotua jioni ile, mwezi ulikuwa na umri wa saa tano tu, yaani digrii mbili na nusu hivi kutoka kwenye jua. André Danjon, mwanaastronomia wa Ufaransa, alionyesha karne iliyopita kwamba chini ya digrii saba hivi hilali haionekani kwa macho. Kwa hivyo hata mbingu ingekuwa safi, hakuna mtu Afrika Mashariki ambaye angeuona. Sayansi niliyokuja nayo kumpiga Mjomba ilikuwa upande wake. Nilijibu swali ambalo hakuna aliyeniuliza. Wao waliuliza kama mwezi umeonekana, maana amri waliyonayo ni kufunga kwa kuuona. Mimi nikawajibu kuhusu kuzaliwa kwake.

Tangu siku hiyo, mtu akianza mada ya aina hii huwa najiuliza kwanza: huyu anauliza nini hasa? Mara nyingi siyo kile kinachotoka mdomoni.

Kisa hicho kina mkia, niumalize. Miaka kadhaa baadaye simu ililia barazani: mwezi umeonekana, kijana mmoja ameuona kwa macho yake. Nikafungua programu. Jioni hiyo mwezi ulikuwa umetua kabla ya jua, hapa kwetu na kwa majirani wote. Zamani ningesema kijana anadanganya na ugomvi ungewaka. Nikauliza tu, "Mjomba, shahidi wa mwezi huulizwa nini?" Akasema huulizwa alivyouona, upande gani, umekaaje. Basi akaulizwa. Kijana akaeleza hilali iliyosimama wima, pembe zimeelekea ubavuni, kama ile ya kwenye bendera. Wazee wakatazamana. Huku kwetu karibu na ikweta mwezi mchanga hulala chali kama dau, na wanaujua tangu utotoni. Ushahidi ukawekwa kando bila mtu kuitwa mwongo. Hesabu haiwezi kukuambia umeuona mwezi, ila inaweza kukuambia hukuuona, na hilo Mjomba alilikubali kwa sababu liliingia kwa mlango wake, mlango wa kuhoji mashahidi.

Kama mwezi wa Makkah unatosha kwa mtu wa Nairobi, hilo ni la wanazuoni. Programu haina jibu lake na mimi pia sina.

Sasa twende Donholm, ghorofa ya tatu. Mama mmoja aliniita niondoe ruta. Siyo kutengeneza, kuondoa. Mtoto wake wa miaka tisa halali usiku, na yeye mama amesoma mahali kwamba mionzi ya waifai ni sumu. Tena hakuja mikono mitupu: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2011 liliweka mawimbi ya redio kwenye kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Na ni kweli, liliweka. Kundi hilohilo lina maji ya jani zima la mshubiri, na pale kwenye roshani yake, ndani ya kopo la rangi, palikuwa na mshubiri umenawiri ajabu. Nilikaa kimya kuhusu mshubiri. Katika maisha yangu ya ubishi sijui kama nimewahi kufanya jambo la hekima zaidi ya hilo.

Nilimwomba nione ruta iko wapi. Fundi aliyenitangulia alikuta tundu ukutani chumbani kwa mtoto, basi akaiweka hapohapo, sentimita thelathini kutoka kwenye mto, taa zake za bluu zinapepesa usiku kucha. Tableti iko chini ya mto. Nikamwambia yote mawili bila kuficha. Kwanza, ruta ya nyumbani hutoa kama sehemu moja ya kumi ya wati, na mawimbi ya namna hiyo hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama eksirei, kwa hivyo sidhani ndiyo inayomkosesha mtoto usingizi. Pili, kama anataka ipungue, umbali unafanya kazi kubwa kuliko anavyodhani: ukisogea mara nne, nguvu inayokufikia inabaki moja ya kumi na sita. Tukaihamishia sebuleni, nikaiweka ijizime saa tatu na nusu usiku. Mtoto akaanza kulala. Mama anaamini ni mionzi. Mimi ninaamini ni katuni, na nilimwambia hivyo akacheka.

Hapo pana mtego ambao vijana wa kazi yangu huingia. Kwa kuwa mteja ana wasiwasi, unaitikia "ndiyo mama, mionzi ni hatari" na unamuuzia kibandiko cha kuizuia. Nimeviona vibandiko hivyo vikiuzwa. Kumheshimu mtu siyo kumdanganya. Msikilize mpaka mwisho, halafu mwambie unachokijua jinsi kilivyo, hata kama kinakupotezea mia tano.

Kuna wakati nilicheka mahali ambapo sikupaswa. Mwaka 2019, serikali ilipoandikisha watu kwa ajili ya Huduma Namba, namba moja ya kumtambulisha kila mtu, jirani yangu alikataa katakata. Chapa ya mnyama, alisema, Ufunuo sura ya 13. Nilimtania wiki nzima, nikawa namuita "mia sita sitini na sita" kwenye ngazi. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu hapa Nairobi ikatoa uamuzi: mpango usiendelee mpaka kuwe na utaratibu kamili wa kisheria wa kulinda taarifa za watu, na kukusanya DNA na mahali mtu anapoishi kwa GPS ni kinyume cha katiba. Majaji hawakutaja mnyama. Lakini swali lililokuwa chini ya maneno ya jirani, nani atakaa na taarifa zangu na atanifanya nini nazo, lilikuwa swali halali, na mimi mtu wa mitambo ndiye niliyepaswa kuliona kabla yake. Nilienda kumwomba radhi. Akanipa chai na kunisomea sura nzima.

Siyo kila mtu ana swali, lakini. Kibandani Umoja, wakati wa korona, bwana mmoja alishikilia kwamba 5G ndiyo iliyoleta ugonjwa. Nikamwekea tarehe mezani: mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa 13 Machi 2020, na Safaricom ilitangaza majaribio ya 5G Machi 2021, mwaka mzima baadaye. Nilidhani nimemaliza. Akatafuna mandazi taratibu. "Walikuwa wanajaribu kisiri." Sasa hapo utasema nini? Siri haina tarehe. Siku hizi nikifika hapo nauliza swali moja tu: ni kitu gani ukikiona kitakufanya ubadilishe mawazo? Akisema hakuna, nalipa chai yangu. Akikitaja, hata kama ni kigumu kukipata, tuna mazungumzo. Nawe uwe tayari kuulizwa vilevile, maana nimeshawaona wenzangu wanaojiita watu wa sayansi wakibabaika hapo kuliko wazee wa kanisa. Kuna hata hawa wa siku hizi wanaokuja na jibu kwenye simu, "nimeuliza mashine imesema", utadhani imeteremka mlimani na mbao mbili za mawe. Waulize mashine imelitoa wapi.

Kuna mahali pengine sibishani kabisa. Jirani wa chini, mama wa miaka sitini na kitu, alitoka kwenye kesha akatupa dawa za presha: ameponywa. Ningemwambia Mungu haponyi? Siamini hivyo, na angenifungia mlango. Nilimsihi aendelee kumeza huku tukipima, akakataa. Nikamwambia basi tupime hata bila kumeza, kila Jumamosi kwa mwenye duka la dawa, kwa sababu uponyaji wa kweli mashine haitaukana. Alikubali, nadhani kwa kunihurumia. Jumamosi ya kwanza ilikuwa juu kidogo. Ya tatu ilisoma 178 kwa 104, akauangalia ule mkono wa mashine kama umemtukana. Jumatatu alikuwa kliniki. Kesha haachi, na vidonge haachi.

Alikuwa mtu mzima, niliweza kumngojea wiki tatu, ingawa sikulala vizuri. Angekuwa mtoto nisingengoja hata siku moja. Tangu 2023, tulipoona kule Shakahola, Kilifi, ikifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe, watoto wakiwemo, ile kauli ya "imani ya mtu ni yake" imenikauka mdomoni. Mtoto akinyimwa hospitali kwa sababu ya imani, piga 116, simu ya bure ya watoto, au mwone chifu. Hoja zako zihifadhi.

Nimeacha aibu yangu kubwa mwisho. Kuna mwalimu mstaafu Buruburu, mzee wa kanisa, mteja wangu wa miaka mingi. Jumamosi moja tulipeleka watoto wangu na wajukuu wake Makumbusho ya Taifa. Tukasimama mbele ya mifupa ya yule kijana wa Turkana, aliyepatikana Nariokotome mwaka 1984 baada ya Kamoya Kimeu, mtafuta mifupa ya kale, kuona kipande kidogo cha fuvu. Watoto wamegandisha pua kwenye kioo. Nikasoma umri kwa sauti: karibu miaka milioni moja na nusu.

"Wamejuaje?" Mwalimu akauliza.

"Kaboni 14, Mwalimu," nikajibu haraka, nimejaa.

"Aha. Na hiyo kaboni hupungua nusu kila baada ya miaka mingapi?"

Nikatafuta kwenye simu. Miaka 5,730.

"Haya, endelea kuigawa nusu mpaka ufike milioni moja na nusu. Inabaki ngapi?"

Inabaki sufuri. Njia hiyo hufika kama miaka 50,000 tu, baada ya hapo hakuna kaboni ya kupima. Watoto wangu wananitazama. Kila kitu ndani yangu kilitaka kubadilisha mada, kumtupia swali kuhusu safina ya Nuhu, chochote. Nikasema, "Mwalimu, nimekosea. Nipe wiki moja."

Kumbe mfupa wenyewe haukupimwa kwa kaboni hata kidogo. Hupimwa majivu ya volkano yaliyo chini na juu ya tabaka ulimolala. Ndani ya majivu kuna potasiamu ambayo sehemu yake ndogo hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni, ikichukua miaka bilioni 1.25 kupungua nusu. Volkano inapolipuka joto hutoa argoni ya zamani yote, basi saa inaanza kwenye sufuri, na mwanasayansi anahesabu iliyojikusanya tangu hapo. Nilimpelekea Mwalimu maelezo hayo nimeyaandika kwa mkono kwenye karatasi mbili. Alizisoma akiwa amesimama mlangoni, miwani kwenye ncha ya pua, kalamu nyekundu mkononi, na alirekebisha herufi mbili.

"Umri wenyewe sikubali," akasema. "Lakini hili sasa ni jibu."

Alhamisi ninakwenda kumbadilishia ruta. Ameshanitumia ujumbe kwamba ana neno: je, kama majivu yalipoa vibaya na argoni ya zamani ikabaki ndani? Ni swali zuri, na bado ninalisoma.