Perege haitwi kwa dawa

SWALI: Shikamoo bwana samaki. Nimerudi nyumbani Rutamba, Lindi, kutoka Dar, na nimeanza kujifunza kuvua kwa ndoano hapa ziwani. Nimekuwa nikitazama video za Wakanada wanaovua trauti kwenye maziwa madogo. Wanafunga chubwi zito, wanashusha mshipi hadi karibu na tope, wanauchezesha juu na chini, na wanatoa samaki wakubwa. Mimi nikifanya vivyo hivyo naambulia majani yaliyooza. Jamaa mmoja gulioni aliniuzia dawa ya kuita samaki, ya kupaka kwenye chambo, haikusaidia. Sasa anasema anayo nyingine kali zaidi, ya kumwaga majini. Nishushe kina gani, na dawa ipi hasa inafaa kwa perege?

JIBU: Marahaba. Hiyo dawa ya pili usiinunue. Kama umeshainunua, usiifungue karibu na maji, na ukimaliza kusoma utaelewa kwa nini naanza na hilo kabla ya kina.

Trauti wa ziwani uliyemwona ni samaki wa baridi. Kwao ni kaskazini mwa Amerika, Kanada na Alaska hadi yale maziwa makuu yaliyo mpakani na Marekani, na maji anayoyapenda yana nyuzi joto kama 10 hivi. Barafu ikiyeyuka, maji yote ya ziwa huwa baridi, kwa hiyo mvuvi humpata hata juu na kandokando. Kiangazi kikipamba moto, maji ya juu humshinda, naye hushuka kwenye tabaka la chini lenye baridi na hewa ya kutosha. Wale Wakanada wanashusha chubwi kwa sababu wanajua baridi iko wapi.

Rutamba hakuna baridi ya kukimbilia. Maji yakiwa na nyuzi 10 yanaweza kubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30 hayabebi zaidi ya 7 na nusu hivi, na hapo ni yale ya juu yanayoguswa na upepo. Jua la kwetu linapasha maji ya juu, yanakuwa mepesi na kukaa juu ya yale ya chini bila kuchanganyika nayo. Huko chini majani na mizizi vinaoza, na kuoza kunakula oksijeni yote iliyopo. Hebu nusa lile chubwi lako unapolivuta kutoka kwenye tope. Likinuka mayai viza, umelitoa mahali ambapo perege hawezi kukaa, na ndoano yako ingelala huko mwezi mzima isiguswe.

Kwa hiyo panda juu. Vua kwenye maji ya kiuno au kifua, kandokando ya matete na mayungiyungi, na chubwi zito liache nyumbani. Kusi likivuma, ukingo wa kaskazini wa ziwa ndio unaopigwa na viwimbi; maji yenye hewa yanasukumwa huko pamoja na chakula, na samaki wanafuata. Tumia mwanzi mrefu, mshipi mwembamba, ndoano ndogo ya namba 8 au 10 (namba ikizidi, ndoano inazidi kuwa ndogo, nimeona wengi wakinunua kinyume), chelezo chepesi cha bua, na kipande cha risasi kisichozidi punje ya mtama. Chambo kiwe nyungunyungu au tonge la ugali lililokandwa hadi linanata, dogo kama punje ya hindi. Mdomo wa perege ni mdogo.

Ukishatupa, angalia chelezo kwa makini. Perege hakizamishi kwa kishindo. Anakifyonza chambo, anakitema, anakifyonza tena, na juu unaona chelezo kikitetemeka, kikitulia, halafu kikiteleza pembeni kama inchi mbili. Kinapoteleza ndipo unyanyue mwanzi, kwa mkono mwepesi. Ukisubiri kizame, utakuta ndoano tupu.

Kuhusu wakati, wengi wanakwambia uende alfajiri ya mapema kwa sababu samaki wana njaa. Kwa maji ya kijani si kweli. Ule ukijani, yaani vimea vidogo sana vinavyoelea majini, unatoa oksijeni mchana kwa nguvu ya jua, lakini usiku nao unaitumia, kwa hiyo kabla ya jua kuchomoza ndipo hewa majini huwa ndogo kuliko saa zote. Ukiona perege wameelekeza midomo juu wakihema, usihangaike kutupa. Samaki anayetafuta pumzi hatafuti chakula. Subiri saa tatu hivi, jua likishaamka, au nenda saa kumi jioni hadi magharibi.

Kambale ana mambo yake. Ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, hivyo anaishi hata kwenye maji mabovu, na anatembea usiku akifuata harufu. Utumbo wa kuku unamtosha. Ila usikae ukingoni gizani kabla hujawauliza wenyeji habari za mamba na viboko.

Sasa nirudi kwenye dawa, kwa sababu swali hili halinipiti wiki. Linakuja kutoka Rutamba, linakuja kutoka Kitere, linakuja kutoka kwa watu wenye vibwawa vyao Masasi, na kila mara kuna chupa katikati.

Hiyo chupa ya kwanza, ya kupaka, haina uwezo unaotajwa. Chakula kikubwa cha perege ni ukijani wa majini, mabaki ya mimea na vijidudu vidogo, na hakuna mafuta yanayoweza kumtoa upande wa pili wa ziwa aje kwenye ndoano yako. Mbona basi wapo wanaoapa kwamba imewasaidia? Sikiliza maelekezo ya muuzaji. Anakwambia upake jioni, upepo ukiwa umevuma, utupe karibu na majani, utumie chambo kidogo. Mtu akifuata hayo anapata samaki, chupa iwepo isiwepo. Wakati na mahali vimefanya kazi, sifa amechukua muuzaji, na mvuvi anarudi gulioni kununua nyingine. Inaniuma, maana wanaonunua ni vijana kama wewe ambao hela hiyo wangenunulia mshipi mzuri wa mwaka mzima.

Ya kumwaga majini ni jambo jingine kabisa. Dawa inayomwagwa ziwani na samaki wakaibuka ni sumu, hata muuzaji aiite jina gani. Mara nyingine ni utupa uliopondwa, ule mmea wa wazee. Ndani yake kuna rotenoni, ambayo inauzuia mwili wa samaki kuitumia oksijeni. Hewa ipo majini lakini samaki anakufa kwa kukosa pumzi. Siku hizi mara nyingi zaidi ni kiuadudu, na huku kwetu hatukosi, kwa sababu kila kijiji kina dawa za mikorosho. Viuadudu vya jamii ya pairethroidi vinaua samaki kwa kiasi kidogo mno, kidogo kuliko unavyoweza kukiona kwenye kijiko. Anayemwaga anaokota samaki wa siku moja. Vifaranga wote waliokuwa kwenye majani wamekufa, wadudu wanaoliwa na samaki wamekufa, na yule anayechota maji upande wa pili kwa ajili ya wanawe hajaambiwa chochote.

Na ujue ni samaki gani unaowachezea. Perege wa asili wa Rutamba, pamoja na wa Nambawala na Mitupa jirani, ni wa aina ambayo wataalamu wanaiita Oreochromis korogwe. Aina hiyo kwingine inapatikana huko mbali kaskazini, mabonde ya Pangani na Zigi. Huku kusini iko kwenye hivi viziwa vyetu vichache, na tayari imeanza kuchanganyika na perege walioletwa kutoka kwingine. Dume linachimba kiota cha duara kwenye mchanga wa maji mafupi, jike linataga, kisha linakusanya mayai mdomoni na kuyaatamia humo mpaka watoto waogelee. Kipindi hicho karibu hali kitu. Ukimnasa jike likatema vifaranga au mayai mkononi mwako, lirudishe majini palepale. Sasa piga hesabu mwenyewe: sumu moja ikimwagwa kwenye maji mafupi msimu wa viota inabeba dume, jike na kizazi chote kilichomo mdomoni. Ziwa dogo halina mto mkubwa wa kuliletea wengine.

Chandarua nacho nakitia kwenye kapu hilohilo. Watu wanasema si sumu, ni kitambaa tu. Chandarua cha mbu kimetiwa dawa ya jamii ileile ya pairethroidi, na matundu yake hayamwachi hata kifaranga wa siku tatu. Ukikikokota kwenye matete umevua mavuno ya mwaka kesho ukayaanika juani kama dagaa.

Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 inakataza sumu na baruti katika maji yote, ya chumvi na baridi. Sisi wa Lindi na Mtwara hatuhitaji kusimuliwa matokeo. Pwani yetu ilipigwa baruti miaka na miaka, na mvuvi aliyekuwa akijaza ngalawa mbele ya matumbawe ya kijiji chake sasa anapiga kasia nusu siku kufuata samaki mbali. Walioanza nao waliambiwa ni njia ya mkato. Naona lugha hiyohiyo inahamia kwenye maziwa ya bara, ikiuzwa kwa chupa ndogo na watu ambao kesho hawatakuwepo gulioni.

Jambo la mwisho, kwa kuwa unaishi hapo karibu na utakuwa ziwani mara kwa mara. Siku ukikuta samaki wanaelea, usikimbilie kusema ni sumu wala kusema ni mkono wa mtu. Baada ya usiku wa baridi wenye upepo mkali, au mvua kubwa za kwanza, maji mabovu ya chini hupanda na hewa ikaisha. Vifo hivyo unavikuta asubuhi, perege wakubwa ndio wanaotangulia, wadogo utawaona bado wanahema juu, na kambale wako salama. Sumu haichagui saa. Utakuta wadogo na wakubwa pamoja, kambale wamo, vyura wamo, na wadudu wa majini wamelala chali. Ukiona hivyo, usiokote hata mmoja, usiruhusu mifugo inywe, zuia watu wasichote maji, na umpigie simu mtendaji wa kijiji na afisa uvuvi wa halmashauri kabla jua halijawa kali, maana samaki wakishaharibika vipimo vinakuwa vigumu.