Bibi kapotea kwenye tope la rangi

SWALI: Shikamoo mama. Mimi mtu wa Tanga ila nasoma sanaa Ujerumani, hapa München. Nachapa litografia (picha unayoichora kwenye jiwe kisha unaichapa kwenye karatasi) ya nyumba ya bibi, ilishabomolewa, tabaka tatu: chini bibi kakaa barazani, katikati nyumba, juu kiwanja kilivyo leo. Jiwe ni moja tu, nikimaliza rangi moja nasaga nachora nyingine. Matokeo yake ni tope tupu, bibi haonekani, mistari haikutani, halafu mchoro wa bibi unarudirudi kwenye jiwe na nilishausaga. Nifanyeje?
Mjukuu

JIBU: Marahaba mwanangu. Upo palepale ilipoanzia kazi yenyewe, Senefelder alianza kuchapa kwa jiwe hapohapo München miaka ya 1790, na mawe mazuri mpaka leo ni yale ya chokaa ya Solnhofen, si mbali na ulipo. Basi huna kisingizio.

Tuanze na tope. Nahisi umempa bibi njano hafifu halafu ukamfunika na kahawia nzito ya kiwanja, sasa ataonekanaje? Wino wa juu uchanganye na ile dawa ya kuufanya uwe mwangavu, mi huwa naweka sehemu tano za dawa kwa sehemu moja ya rangi, na usijaze eneo lote, acha matundu. Msanii wa Marekani, Rauschenberg, mwaka 1967 alichapa picha ya eksirei ya mwili wake mzima, urefu wa mtu kabisa, juu yake kaweka chati nyekundu ya nyota na sayari ya mwaka ule ule, na mifupa inaonekana vizuri tu kwa sababu ile chati ni mistari.

Ila mi nina swali. Nani kakwambia la zamani lazima likae chini? Wachapaji wengi wanaanza rangi nyepesi wanamaliza na nzito, sasa geuza tabaka zako: kiwanja cha leo kitangulie kwa kijivu cha mbali, kisha nyumba, bibi aje mwisho kwa rangi iliyokolea. Wewe unapofumba macho unaona nini kwanza, kiwanja au bibi?

Mistari kutokukutana mara nyingi ni karatasi. Ukiilowesha inatanuka, ikikauka inarudi, kwa hiyo chapa ikiwa kavu tabaka zote na uweke alama pande mbili za jiwe na nyuma ya karatasi. Na kwa vile jiwe ni moja, chapa nakala zote za rangi ya kwanza pamoja na tano za ziada, maana ukishasaga ndo basi.

Huo mchoro unaorudi ni mafuta ya kalamu uliyochorea, yameshazama ndani ya jiwe na wewe ulisaga kivivu (samahani). Kuna wakati unauona jiwe likiwa limelowa ila haushiki wino, huo usikusumbue. Ukishika wino, rudi kwenye mchanga wa kusagia na maji, anza na ule mkali. Lakini kwa kazi hii, kizuka cha nyumba kikijitokeza nyuma ya bibi mi ningekiacha, mwalimu wako anaweza kununa lakini ningekiacha. Kijaribu kwanza kwenye zile karatasi tano za ziada.