Kabla ya Kuandika Pendekezo la Utafiti, Jiulize Mezani Pako Kutakuwa na Nini

Msimu wa kuwasilisha mapendekezo ya utafiti unapokaribia, vijana wa uzamili hunijia na swali lilelile: mada hii inatosha kuwa tasnifu? Siku hizi silijibu mara moja. Huwauliza kwanza, siku utakayokaa kuandika, mezani pako kutakuwa na kitu gani: sauti ulizorekodi, hati za kale, vigae vya vyungu, hojaji, au vichupa vya damu kutoka maabara? Wengi hushangaa, kwa sababu wamefundishwa kuanza na mada na kuichagua mbinu baadaye, kana kwamba mbinu ni nguo ya kubadilisha.

Swali hilo nililipata kwa kukosea. Nilisomea isimu, na nikiwa mwanafunzi wa uzamili niliajiriwa kuwa msaidizi katika kambi ya uchimbaji wa kiakiolojia, pwani ya kusini mwa Tanzania. Kazi yangu ilikuwa kuzungumza na wazee na kukusanya majina ya mahali, lakini watu walikuwa wachache, nikapewa mwiko na chekeche. Siku ya tatu niliona kigae kimechomoza ukutani mwa shimo, kina michoro ya pembetatu. Nikakichomoa, nikakipangusa kwa shati, nikampelekea kiongozi wetu kwa furaha. Hakukitazama. Alikwenda kulitazama shimo, akaniuliza kilikuwa kina cha sentimita ngapi, katika tabaka lipi la udongo, upande upi wa mraba. Sikuwa na jibu hata moja. Kigae kikatiwa katika mfuko ulioandikwa "bila tabaka", maana yake hakitahesabiwa katika hoja yoyote.

Mimi nilikuwa nimezoea maneno. Neno likikuponyoka leo, kesho unamrudia mzee yuleyule na analitamka tena, pengine na kahawa juu yake. Kigae kikishatoka ardhini hakirudi. Kwa mwanaakiolojia, kitu chenyewe ni nusu tu ya ushahidi, na nusu ya pili ni mahali kilipolala, ambapo yeye mwenyewe hupaharibu kwa kuchimba. Ndiyo maana anaandika na kupima kila kitu kwa uangalifu ambao mtu wa isimu huuona kama urasimu.

Mfano ninaoutumia sana ni suala la asili ya Waswahili, yaani kama walitoka ng'ambo au ni wa humuhumu, kwa kuwa limepita mikononi mwa fani nyingi. Mwanahistoria ana habari za wafalme wa Kilwa, zilizotufikia kwa matini ya Kiarabu na kwa muhtasari uliochapishwa na Mreno João de Barros mwaka 1552. Humo tunasoma habari za Washirazi, watu wa Shiraz huko Uajemi, waliofika kwa merikebu, na kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo za kukizungushia. Mwanahistoria makini hapimi urefu wa nguo. Anauliza ni nani aliyesimulia, kwa faida ya nani, na kwa nini ukoo unaotawala ulihitaji kusema umetoka ng'ambo.

Mwanaisimu anaanza kwingine kabisa. Ana ngeli, viambishi vya vitenzi na mabadiliko ya sauti, ambavyo vinakiweka Kiswahili pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro katika tawi moja la Kibantu liitwalo Sabaki. Anajua kwamba "bandari" na "nanga" zina asili ya Kiajemi na kwamba mamia ya maneno yetu ni ya Kiarabu, lakini kwake maneno ya kukopa ni habari za biashara na dini. Uti wa mgongo wa lugha ndio unaosema nasaba. Mwanaakiolojia naye huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, alikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo ikiwa ya miti, kuanzia karne ya 8. Na vyungu vya michoro ya pembetatu, ndugu wa kigae changu, vimepatikana pwani na bara vilevile, jambo linaloonyesha mji uliokua kutoka humuhumu.

Kisha mwaka 2023 likaja jarida la *Nature* na matokeo ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika pwani na maeneo jirani. Wengi wa wale wa miji ya pwani walikuwa na zaidi ya nusu ya nasaba yao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa mama, na sehemu kubwa ya iliyobaki kutoka Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa baba. Mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Wiki ile simu yangu haikupumzika. Wapo walioniambia kwamba Washirazi wamethibitishwa na isimu imekwisha kazi. Wengine, kwa takwimu zizo hizo, walisema kinyume chake.

Hapa ndipo ninaposhauri msomaji atulie. Jino na mfupa wa ndani ya sikio, ambamo vinasaba hutolewa, vinaweza kueleza nani alizaa na nani, lakini haviwezi kueleza watoto hao walizungumza lugha gani nyumbani. Isitoshe, wengi wa waliopimwa walizikwa katika makaburi ya watu wenye uwezo, si ya wavuvi na wakulima wa pembezoni. Watafiti wenyewe walilieleza hilo. Wasomaji wa vichwa vya habari ndio walioliruka. Kwa hiyo unaposoma kazi ya fani nyingine, anza na sehemu ya mbinu na sampuli kabla ya hitimisho, hata kama itakuchosha, na ukiweza omba siku moja ushinde maabara au shimoni kwao. Siku ile ya kigae ilinifundisha zaidi ya muhula mzima wa somo la mbinu za utafiti.

Kuna na mambo ya kawaida yanayowaangusha watu. Uchimbaji unahitaji leseni ya Idara ya Mambo ya Kale, na utafiti wa afya unahitaji kupita kamati ya maadili, ambayo haina haraka yako. Usipange miezi sita ya kazi inayodai kibali kinachochukua miezi minne kupatikana.

Mwaka jana alinijia kijana kutoka Tanga na pendekezo lenye kichwa "Asili ya Waswahili". Nilipomuuliza mezani pake kutakuwa na nini, alinyamaza, kisha akasema babu yake ni fundi wa majahazi. Tukakaa hapo hapo tukaandika: mkuku, mlingoti, foromali, tanga, usukani. Swali lake sasa ni hili: majina yapi ya sehemu za chombo ni ya Kibantu na yapi yamekuja na upepo, na kama mafundi wa Tanga wanayatumia sawa na wa Lamu. Msimamizi wake aliona mada imekuwa ndogo mno. Kijana alimpelekea orodha ya maneno 140, na zaidi ya nusu hayakuwamo katika kamusi aliyokuwa nayo.