Patasi za bei nafuu zinafaa, ila usizinunue ukaanza kazi siku hiyohiyo

Anayeanza useremala huniuliza mapema sana: ninunue patasi za bei nafuu, au nivumilie hadi nipate pesa ya zile nzuri? Huwa namjibu anunue za nafuu, mbili au tatu tu, na pesa inayobaki aiweke kwenye jiwe la kunolea. Jibu hilo nimelipata kwa kuharibu mlango.

Nilikuwa nachimbia bawaba. Nilinunua seti ya patasi 8 zenye mipini ya plastiki, nikaichomoa ile ya milimita 25 kwenye boksi na kuanza kupiga. Mbao haikukatika. Ilichanika, na ufa ukakimbia ukavuka mstari niliouchora kwa penseli, upande ule unaoonekana kila mlango unapofunguliwa. Niliumia, na lawama zote nikazitupia chuma: hiki ni kibovu, nimeuziwa takataka.

Fundi mmoja mzee niliyekuwa nikimsaidia kazi aliipokea ile patasi, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha na kuniambia nitazame ncha yake. Kulikuwa na mstari mwembamba unaong'aa. “Makali ya kweli hayaonekani, mwanangu,” akasema. “Ukiyaona, ujue ni butu.” Mpaka leo hivyo ndivyo ninavyoikagua patasi kabla ya kuigusisha mbao. Mwanga hauwezi kugonga makali yaliyonolewa sawasawa. Ukirudi machoni mwako, pale kwenye ncha kuna kijisehemu bapa au kilichojiviringa.

Patasi ya bei nafuu hutoka kiwandani ikiwa imeishia njiani. Ina vanishi ya kuzuia kutu, ina mikwaruzo ya mashine, na mgongo wake, yaani ule upande usio na mteremko (uso ulioinama kuelekea kwenye ncha), mara nyingi haujanyooka. Watu hunoa mteremko tu wakausahau mgongo, na hapo ndipo wanapokata tamaa. Makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana. Kama uso mmoja una mifereji, hata ukiunoa ule mwingine kutwa nzima, ncha itabaki na meno.

Kwa hiyo anza na mgongo. Gundisha msasa namba 220 juu ya kioo kinene, paka mgongo wino wa kalamu nzito, kisha usugue kidogo na uangalie. Wino ukibaki katikati, pana bonde. Ukibaki kwenye ncha, bado una safari ndefu. Usiinue mpini hata kidogo, maana ukiuinua mara moja utaiviringa ile ncha unayoitafuta. Huna haja ya kunyoosha mgongo wote. Sentimita mbili au tatu za karibu na ncha zinatosha. Ukimaliza 220, panda hadi 400, kisha 800, halafu nenda kwenye jiwe la namba 1000 au zaidi. Patasi yangu ya kwanza ilinila jioni nzima na vidole vikauma. Lakini kazi hiyo huifanyi tena kwa patasi ileile.

Mteremko wenyewe hauna makuu: nyuzi 25, kisha ncha kabisa uiongezee hadi nyuzi 30. Endelea hadi uhisi kwa kidole gumba kijiukingo cha chuma kimepindia upande wa mgongo, ndipo ukiondoe kwa kuulaza mgongo kwenye jiwe. Ukitumia mashine ya kunolea, chovya kwenye maji kila mara. Chuma kikigeuka bluu, ugumu wake umeondoka, na itakubidi ukate sehemu hiyo yote. Kuna patasi mpya ambazo ncha yake ilishaunguzwa hivyo tangu kiwandani. Ndiyo maana nakusihi usiihukumu patasi kwa kunoa mara ya kwanza. Ukishakula milimita moja au mbili, unaweza kukuta chuma kizima kabisa ndani.

Zipo zisizofaa, na hizo usizihurumie. Pitisha tupa kwenye ubavu karibu na ncha: ikiteleza, chuma ni kigumu, ikiuma kwa urahisi kama inavyouma msumari, iache hapohapo. Achana pia na yenye mgongo uliovimba kwenda nje, maana hiyo hukaa ikiyumba juu ya kioo na kuinyoosha ni adhabu. Iliyobonyea kidogo haina taabu kubwa hivyo. Na kama utaipiga kwa nyundo, chagua mpini wa mbao wenye pete ya chuma kichwani, au plastiki nzito.

Pesa nyingi inanunua nini, basi? Zaidi ya yote, inanunua muda kati ya kunoa na kunoa. Nikichimba tundu la ulimi, yaani lile linalopokea ncha ya mbao nyingine, kwenye mbao ngumu, patasi yangu nafuu hunirudisha kwenye jiwe mapema kuliko ile nzuri, na ncha ikizidi kujikunja huipandisha hadi nyuzi 35. Kwa mbao laini tofauti naihisi kidogo sana. Kitu kingine ni mbavu: za bei nafuu huwa nene, hazipenyi kwenye pembe kali za viungo vya droo. Kwa anayejifunza, huko kunoa mara kwa mara sikuoni kuwa hasara. Mkono hauzoei jiwe kwa njia nyingine.

Katika zile 8, nilijikuta nafanyia kazi tatu: ya milimita 6, ya 12 na ya 25. Moja nyingine hukwangua gundi na kufungua makopo ya rangi, na kazi hizo kamwe sizipi zile tatu. Baada ya muda niliongeza patasi moja ya bei kubwa, ya milimita 12, kwa ajili ya matundu ya mbao ngumu. Ile ya 25 iliyochana mlango bado ninayo, na ndiyo ninayochimbia bawaba.