Gari likiukana ufunguo, acha skana kwanza

Ninyi mlioingia garaji mwaka huu, kesi hii haitachelewa kuwafikia. Mteja anapiga simu kutoka Katuba au Ruashi, komini za hapa Lubumbashi. Gari ni la kitufe, la kuwashwa bila kuzungusha ufunguo, moja ya zile Toyota zinazotufikia kutoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam na Kasumbalesa. Anabonyeza, haliwaki, na dashibodi inadai ufunguo haupo wakati ameushika mkononi. Utatamani kuchomeka skana, ile mashine ya kusoma makosa ya gari, hapo hapo ili aone unajua kazi. Iache kwenye begi.

Elewa kwanza gari na ufunguo wanavyozungumza. Gari linaita kwa mawimbi ya chini, kilohezi 125 hadi 134 hivi, ambayo hayafiki mbali: mita moja, au kidogo zaidi. Ufunguo ukisikia mwito unaamka na kujibu kwa mawimbi ya juu, karibu megahezi 315 kwa gari nyingi za soko la Japani, 433 kwa za Ulaya. Maongezi hayo yanakula kabetri kadogo ka duara. Lakini humo humo ndani kuna chipu isiyohitaji betri yoyote. Ukiisogeza karibu kabisa, inapata nguvu kutoka kwenye koili, waya uliozungushwa, ya gari.

Kipimo changu cha kwanza kinatokana na hilo, na hakigharimu hata faranga. Mlango ukigoma, chomoa kile kijifunguo cha chuma kilichofichwa ndani ya ufunguo (wateja wengi hawajui kama kipo). Ingia, kanyaga breki, gusisha upande wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia, ngoja mlio, kisha bonyeza. Hivyo ndivyo Toyota. Watengenezaji wengine wameweka tundu au mahali maalumu pa kuuweka. Likiwaka, chipu ni nzima na gari linautambua ufunguo wake, basi tafuta kwenye betri ya ufunguo, antena, au kitu kinachovuruga mawimbi. Likikataa hata hivyo, kabetri usikahangaikie.

Ukikataliwa namna hiyo, mtume mtu asimame nyuma ya gari atazame taa za breki. Gari la kitufe haliwaki mpaka lijue umekanyaga. Taa zisipowaka, angalia fyuzi yake na swichi iliyo juu ya pedali. Kisha pima betri kubwa. Ikiwa imepumzika na imejaa, utasoma voti 12.6. Ukikuta 11 na kitu, gari lenyewe lina njaa na linamsingizia ufunguo. Nimeona watu wakiagiza ufunguo mpya kwa kosa la betri kubwa.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Julai mmoja, mnajua baridi ya Lubumbashi ya asubuhi mwezi huo, mama mmoja wa komini ya Kenya, hapa hapa mjini, jirani na soko, alinilalamikia kwamba gari linamkana kila alfajiri, ila ikifika saa nne linamkubali. Nilipima kabetri mchana, garaji limeshapata jua: voti 2.9. Nikasema kabetri hakana kosa. Kwa kuwa kamesafishwa mashaka, nikamshtaki antena. Nikafungua plastiki zote za katikati, kuanzia gia hadi chini ya redio, siku nzima, na sikukuta kitu.

Kosa langu lilikuwa kuiamini mita ya umeme. Kabetri kaliko hoi kanaweza kusoma vizuri wakati hakafanyi kazi, kisha kanaanguka mara ufunguo unapotaka kutuma jibu, na baridi inazidisha udhaifu huo. Siku hizi nakafungia rezista ya om 220, kifaa kidogo cha kukapa mzigo, kwa sekunde moja hivi huku natazama mita: kabetri kasiko na kosa kanashuka kidogo na kutulia, kachovu kanateleza bila breki. Ukikosa rezista, weka kapya tu ujaribu.

Kapya lakini, si kale ka mchuuzi anayezichanganya zote kwenye kopo moja zikigusana na kumalizana. Soma namba mgongoni pia. CR2016 na CR2032 zina upana mmoja, ila ya pili ni nene mara mbili. Na ukishakatoa, usikashike kwa vidole vya grisi.

Nilikabadilisha, gari likamkubali alfajiri. Baada ya miezi michache tu akarudi na kosa lile lile, wakati kabetri kangepaswa kudumu mwaka hadi miwili. Safari hii niliuliza swali ambalo ningeliuliza tangu mwanzo: mama, ufunguo unalala wapi? Kumbe unaning'inia kwenye kibanda cha mlinzi, cha mabati, hatua moja kutoka kwenye bampa. Usiku kucha gari linauita, wenyewe unaitika, na baridi inaumalizia.

Mengine ni ya kuuliza kwa mdomo tu. Kuna chaja ya simu ya bei rahisi kwenye tundu la sigara? Ing'oe ujaribu tena. Mtoto amechezea ufunguo? Kwa Toyota nyingi, ukishikilia kitufe cha kufunga na kubonyeza cha kufungua mara mbili, taa ndogo ya ufunguo inamulika mara nne na ufunguo unalala. Bonyeza kitufe chochote uuamshe. Wamebadilisha kasha la ufunguo sokoni? Kwa funguo za kuzungusha, muombe kasha la zamani: chipu, kipande kidogo cheusi, karibu ukubwa wa punje ya muhindi, mara nyingi bado imo humo.

Skana ikibidi, dai funguo zote za gari ziwe mezani kabla hujaanza, maana kuna taratibu zinazofuta zote na kuacha ule ulioushika tu.

Yule mama bado ni mteja wangu. Klipu mbili za zile plastiki, nilizovunja siku ile, zinapiga kelele kila akipita kwenye mashimo, na akija kumwaga oili hunipandisha kwanza, tuzunguke mtaa mzima, nizisikilize.